Uso wa Zaituni kwa Wino Mweusi

Mwalimu Ndahani tulimzika Mpwapwa siku yenye upepo mkali, na muda wote wa ibada nilikuwa na hasira. Wasifu wake ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri: alikozaliwa, alikosoma, miaka aliyofundisha mambo ya mifugo, kanisa alilolitumikia, watoto na wajukuu aliowaacha. Ng'ombe wake walitajwa. Kwaya ikatajwa. Hata baiskeli yake ikatajwa, watu wakacheka kidogo. Kuhusu uchoraji, kimya kama hakuwahi kushika kalamu. Nikamgeukia mama wa watu aliyekaa kando yangu, ambaye wala simjui, nikamuuliza, "Hivi huyu wanayemsema ni nani?" Akanitazama kama mtu asiye na adabu, na kweli adabu nilikuwa sina. Tulipokuwa kwenye foleni ya kunawa mikono, nikasikia mtu nyuma yangu ananiambia, "Salma, bado unachora uso uleule?" Nikageuka. Alikuwa Pushpa, mvi kichwa kizima, miwani mnene, sari ameikunja juu isishike vumbi, ametoka Arusha kwa basi kuja kumzika mwalimu wetu. Nilianza kucheka, kicheko hakikufika mwisho, nikalia. Mimi ambaye ndugu zangu wananisema nina macho makavu! Tulikula wali wa msiba tumekaa kwenye jamvi moja, na tangu siku hiyo mwaka ule wa uchoraji umenirudia wote, na sina wa kumsimulia, maana wanangu wanaona habari za kale ni za kusinzia.

Zilikuwa zile siku ambazo ruksa ya biashara imeshakolea. Maduka ya Dodoma, ambayo miaka michache nyuma ungeweza kuingia ukakuta muuzaji na rafu tupu wanatazamana, sasa yalijaa: sabuni za kila harufu, biskuti, mashati ya mitumba, na redio kubwa kama masanduku. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, nikipanga chumba Majengo, chumba cha kitanda, jiko la mafuta ya taa na dirisha lililotazama choo cha majirani. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefariki dada yangu Zaituni. Mumewe alitangulia, yeye akafuata, amekwisha mwili akawa wa kubebwa kama mtoto. Waliouliza waliambiwa ni homa ya matumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hata kifo kilipotuumbua tuliendelea kuficha, na wenzetu nao walikuwa wanaficha ya kwao, basi tukawa tunapeana pole za homa ya matumbo kila nyumba. Matanga yalipoisha, baba mdogo alikusanya kila alichogusa Zaituni, godoro, nguo, kandambili, mpaka kitana, akavichoma nyuma ya nyumba kwa kuogopa maambukizi. Simlaumu sana, siku zile hatukujua kitu. Lakini ndani ya sanduku lake zilikuwamo picha zake za studio, na hizo ndizo zilikuwa picha pekee alizowahi kupiga maishani.

Mtu unaweza kudhani uso wa dada yako, uliyelala naye kitanda kimoja utoto wote, huwezi kuusahau. Mh! Siku moja nikiwa mbele ya mashine ya chapa nilitaka kumwona kichwani, ikaja sauti yake tu. Niliisikia sawasawa, namna alivyokuwa akisema "we mtoto we" wakati tumepishana miaka miwili tu. Uso haukuja. Nilikumbuka kwamba alikuwa na mwanya, nikakumbuka kovu dogo juu ya nyusi, nikakumbuka kwamba watu walimsifia macho. Hayo yote yalikuwa maneno. Nilipojaribu kuyaunganisha sikupata mtu. Nikaingiwa na hofu ambayo hata siku ya mazishi sikuwa nayo, nikasema, nikikaa hivi mwaka ukiisha nitakuwa nimemzika mara ya pili. Kwa mama kule kijijini Busi hakuna hata karatasi yenye sura yake. Kwa hiyo niliamua kumchora. Kuchora sikujua, shuleni nilichora maua na nyumba yenye moshi kama kila mtu.

Nilifika kwa akina Pushpa kwa kutumwa na bosi kununua utepe wa mashine. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ofisi, na nyuma ya duka palikuwa na stoo iliyofungwa kwa pazia. Siku hiyo, Jumamosi mchana, pazia lilikuwa wazi, nikaona kamba ya kuanikia nguo imekatiza chumba, na juu yake karatasi zimebanwa kwa vibanio, kila karatasi ina mchoro wa wino mweusi. Chini yake watu wanabishana. Pushpa alikuwa msichana wa rika langu, mchekeshaji, akizungumza Kiswahili cha Dodoma vizuri kuliko mimi niliyetoka Kondoa. Aliniona nimekodoa macho. "Karibu, dada. Ni mchezo wetu wa Jumamosi." Nikasema sijui kuchora. Akasema, "Ndiyo vizuri! Anayejua atatuaibisha." Nikaingia, na utepe wa bosi ukakaa mpaka Jumatatu.

Ile stoo naiona hata sasa. Makatoni ya madaftari yalipangwa mpaka darini, nasi tulikalia mengine. Palikuwa na harufu ya karatasi mpya na ya ubani ambao mama yake Pushpa aliufukiza kila asubuhi, halafu ikija sinia ya kachori na chai ya maziwa yenye tangawizi, harufu zote hizo zinashindwa. Mwenye mamlaka alikuwa Mwalimu Ndahani. Kazi yake ilikuwa kuchora zile picha kubwa za kufundishia maofisa mifugo: ng'ombe amepasuliwa ubavu unaona matumbo, kwato kwa ndani, mifupa ya mbuzi. Hakuwa msanii, na akiitwa msanii alikasirika. Kila juma lilitolewa neno moja, "Foleni," au "Upepo," au "Kiti," kila mtu akalichore kwake. Jumamosi michoro inaanikwa bila majina. Kwanza kila mmoja aseme anachokiona tu, aanze na "naona," bila kusifu wala kuponda. Halafu ndipo waseme kinachokosekana. Na sheria kubwa: mwenye picha hasemi. Hata wakikwambia mbuzi wako ni meza, unakunywa chai yako unanyamaza. Mchoro uliobishaniwa zaidi, mwenyewe ndiye anajitaja mwisho na kutoa neno la juma linalofuata.

Penseli ilikuwa marufuku. "Penseli ni ya waoga," alisema Mwalimu. "Chovya, chora. Ukikosea, kosa lako liheshimu, litafutie kazi." Dodoma kwa ukavu wake wino unakauka kabla hujajuta.

Neno langu la kwanza lilikuwa "Foleni." Nilichora watu wanasubiri kwenye bomba la maji, na wa mbele nikamfanya Zaituni. Hakuna aliyejua, wala sikutaka ajulikane, maana ukimtaja marehemu wataanza kuuliza aliugua nini. Kessi, karani mmoja mtanashati aliyevaa tai hata Jumamosi, akaanza. "Naona watu saba na ndoo. Composition imekaa." Neno hilo alilipenda kuliko kachori. Pushpa akasema, "Naona wote wamechorwa haraka, ila huyu wa mbele amechorwa kwa woga." Ikafika zamu ya Mwalimu. Akasogea karibu, mikono nyuma. "Naona mwanamke hana taya," akasema. "Chakula atatafunaje huyu? Pua imewekwa kama kitasa mlangoni. Ngozi ni shuka, jamani, chini ya shuka lazima pawe na kitanda. Huyu ni shuka tupu." Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakishika kwa mikono miwili. Walikuwa wanamcheka dada yangu. Nilirudi Majengo nimeapa sirudi tena kwa wale wahuni. Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Kwa nini nilirudi? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu ni kwamba kule kwingine kote nilipewa pole. Ofisini pole, kwa majirani pole, pole zenye jicho la pembeni linalokupima wewe nawe umekonda kiasi gani. Mle stoo hakuna aliyenipa pole. Walinambia taya halipo, na taya ni kitu mtu unaweza kukitafuta. Mchoro wa pili, neno "Mvua ya kwanza," nikamweka Zaituni anaanua nguo. Wakasema shingo imevunjika. Wa tatu akasimama mlangoni, wakasema macho hayako mstari mmoja. Mpaka Kessi akaanza utani: "Huyu mama si mmeshamwona? Alikuwa kwenye foleni, akanyeshewa, leo yuko mlangoni. Maji aliyapata kweli?" Stoo nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka, na moyoni nikafurahi, kwa sababu kumbe alikuwa ameanza kuwa mtu wa kutambulika.

Siku moja baada ya wengine kuondoka, Mwalimu alinikuta nafunga karatasi zangu. Kwa sheria ya kule hakutakiwa kusema na mwenye picha kuhusu picha yake, basi akasema kama anaongea na ukuta. "Anayetaka kujua mifupa ya ng'ombe huenda machinjioni. Anayetaka ya binadamu, Mungu amemrahisishia. Ajishike." Akajishika taya, akapanda nalo hadi chini ya sikio, akabonyeza mfupa wa shavu. "Mifupa ni ileile, mama. Nunua kioo." Nilinunua kioo cha duara chenye fremu ya plastiki nyekundu, nikakitundika dirishani. Kila jioni kabla jua halijazama nilikaa mbele yake na wino. Nilijishika taya, nikalichora, nikalihamishia kwa Zaituni. Nikatazama kope zinavyokunjika pembeni, nikahamishia. Sikuona ubaya, tumbo moja, mama mmoja, na hata walimu shuleni walikuwa wakituchanganya. Pale nilipokuwa na shimo katika kumbukumbu niliazima kwangu nikaziba. Na michoro ikaanza kukaa sawa! Pushpa alisema, "Naona mtu ambaye akigeuka nitamsalimia." Sikulala vizuri kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kwanza tangu tumzike.

Lakini Mwalimu hakuridhika. Neno lilikuwa "Anayesubiri," nami nilimchora ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, nikaweka vivuli kwa mistari ya kukatizana kama nilivyofundishwa, nikijua safari hii wataishiwa maneno. Walisifu. Hata mbishi Kessi alisifu. Mwalimu akasogea karibu, akasema, "Naona mfupa upo, nyama ipo. Kinachokosekana ni kwamba mchoraji anamwonea huyu mtu huruma. Kila mstari unamwambia pole. Mtu hajawahi kuishi kwa kupewa pole. Huyu hajawahi kugombana? Hajawahi kumnyima mtu kitu? Aliyemchora akamchore kama mtu waliyekorofishana asubuhi." Pushpa akanitupia jicho, haraka, akaliondoa. Kessi naye. Nikadhani wamegundua nimefiwa. Nilitazama sakafu.

Niseme ukweli, maneno yale yaliniuma kuliko yale ya taya. Nilitembea kutoka dukani hadi Majengo nikimjibu Mwalimu kichwani, kwamba amejuaje, kwamba yeye ng'ombe zake wamewahi kufa wakimwita kwa jina. Halafu, nikiwa nachambua mchele, nikakumbuka ugomvi wetu wa gauni. Lilikuwa la kwangu, la njano, alilishona mwenyewe kwa cherehani yake, akalivaa kwenye harusi kabla yangu akalimwagia mchuzi. Nilimtukana mpaka jirani akaja. Na yeye akasimama pale, mdomo ameubana, kidevu juu, anataka kucheka na amekataa kucheka, ananingojea nimalize. Nilimwona! Jamani, nilimwona kama nimwonavyo mtu wa mbele yangu. Niliacha mchele kwenye ungo nikakimbilia karatasi kabla hajaondoka. Kidevu kile, mdomo ule uliobanwa. Nilichora kwa hasira ya gauni, wino ukarukia ukutani na mwenye nyumba akaja kunisema baadaye, na nilipofika mahali nisipokumbuka nilitupa jicho kwenye kioo nikaendelea bila kusimama.

Jumamosi ile neno lilikuwa "Mlango," na mchoro wangu haukuwa na mlango wowote. Ulikuwa uso tu. Ukabanwa katikati ya milango ya watu. Pushpa ndiye aliyeanza. "Naona mtu anayetaka kucheka," akasema polepole, "na hataki tujue." Sikuweza kujizuia. Nililia na kikombe mkononi, chai ikanimwagikia, nikalia kwa sauti ya msibani mbele ya Wahindi na makarani, mpaka baba yake Pushpa akaja kuchungulia pazia. Kessi akaanza kusema, "Lakini sheria..." Mwalimu Ndahani akamkata. "Mwenye picha hasemi," akasema. "Kulia hakukukatazwa." Akakaa chini kwenye katoni, akavua miwani, na kinachokosekana siku hiyo hakikusemwa. Aliutoa mchoro mwenyewe kwenye kamba, akautia kati ya makadibodi mawili, akaufunga kwa uzi akanipa. Nilimshukuru. Hakuwahi kuniuliza yule ni nani, na mimi sikumwambia, na sasa amekufa. Pale Mpwapwa nilimwambia Pushpa kwamba ningependa Mwalimu angejua. Pushpa alinishika mkono. "Tulijua, Salma. Tangu ile ya kigoda tulijua," akasema, kwa upole wa kumfariji mtu, na nikaelewa si Zaituni anayemfikiria, nikamwachia. Wali ulikuwa unapoa.

Likizo yangu ilipofika nilipanda basi la Kondoa na ile kadibodi nimeipakata, jirani akitaka kuweka kikapu chake juu nikawa mkali. Njia nzima nilirudia maneno nitakayosema. Mama, nimekuletea Zaituni. Hayo tu. Nilijua atalia, na nilitaka alie vizuri, si kile kilio chetu cha kubana cha homa ya matumbo. Nilifika Busi mchana. Mama alikuwa uani anapeta uwele. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu," akasema, na kabla hata sijatua mzigo akanishika mikono yote miwili juu ya viwiko, akaminya, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Siku zile mama wote walikuwa wanafanya hivyo. "Hujakonda," akasema. "Sijakonda, mama." "Kikohozi?" "Sina." Akaniachia. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, ananitazama kila tonge linavyoshuka, na nilipomaliza akaniongezea bila kuuliza.

Baada ya chakula nikafungua uzi. Nilimpa mchoro nikavuta pumzi niseme yale maneno, lakini yeye aliwahi. Mama alikuwa na macho mazuri, akitunga uzi kwenye sindano mpaka uzeeni kwake. Aliusogeza mchoro kwenye mwanga wa mlango, akautazama, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu msiba. Akacheka. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwanangu, umejichora! Ni wewe kabisa, ukinuna. Hapa kidevu, hapa macho. Nani kakufundisha?" Akapitisha kidole juu ya karatasi bila kuigusa. "Nilikuwa naomba Mungu nipate picha yako," akasema, sauti imeshuka. "Sikuthubutu kukwambia, ungesema nakutakia mabaya. Mwenzio ameondoka sikubakiwa hata na kivuli chake. Usiku najaribu kumwona, simwoni. Nikasema huyu aliyebaki lazima nimweke mapema."

Nilisogea nikatazama pamoja naye. Nilitazama taya, na lilikuwa taya langu. Kope zilikuwa zangu, mfupa wa shavu ulikuwa wangu, ule niliokuwa nikijibonyeza kila jioni dirishani. Nilimtafuta Zaituni karatasi nzima, kona kwa kona. Labda mdomo. Hata mdomo sikuwa na uhakika nao tena, na kila nilivyozidi kutazama ndivyo hata ule wa kichwani, ule wa ugomvi wa gauni, ulivyozidi kugeuka kuwa huu wa karatasi, mpaka nikawa sina wa kulinganisha naye.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Si wewe?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."

Akaubusu mchoro, akaniambia nimtafutie msumari, nikaenda kumtafutia.